Ndege Yetu Itolewe Kabatini

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndugu msomaji, methali hii umeitungia insha mara ngapi tangu shule ya msingi? Mimi nimeitungia tatu, na katika zote nilimwandika mhunzi ambaye sijawahi kumwona. Leo naiandikia kitu ambacho sote twakiona kila asubuhi tukienda paredi.

Ukipita nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu utaona kabati la vioo. Rafu ya juu ina vikombe vya voliboli na kile kimoja cha tamasha la muziki. Rafu ya chini ina ndege nyeupe yenye mistari myekundu. Miguu yake ni maboya mawili marefu kama mitumbwi, na bawa lake la kushoto limening'inia kama mkono wa mtu aliyeteguka bega. Mbele yake pamewekwa kadi: USIGUSE. Imo humo tangu muhula wa kwanza. Mimi ni mmoja wa wanafunzi saba tulioijenga, na nimeomba nafasi katika jarida hili la Chama cha Kiswahili niseme jambo moja waziwazi. Ndege hiyo itolewe kabatini, irudi maabara, irekebishwe, iruke.

Najua wapo watakaouliza, "Kwani huyu wa kidato cha tatu anataka kumfundisha naibu kazi?" La hasha! Namheshimu. Alipoamuru ndege ifungiwe alikuwa na sababu, na nitazieleza kama zilivyo bila kuzipinda. Ila kuna jambo ambalo yeye hakulijua alipotoa amri ile, na aliyelijua ni mimi peke yangu. Nitalifikia.

Nianze na sanduku. Mwaka jana mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye siku hizi anafanya kazi ng'ambo, alituletea zawadi. Tulitarajia ndege. Tulipofungua tukakuta vijiti! Vijiti, na vibao vyembamba vya mti wa balsa vilivyo vyepesi hata ukivishika huamini kwamba ni mbao, nyaya za chuma, mfuko wa skrubu ndogo kama punje za mtama, mota ya umeme, vimota vinne vidogo vya kusukuma mkia na mabawa, kipokezi cha mawimbi, rimoti, na karatasi moja kubwa iliyokunjwa. Mwenzetu mmoja akasema, "Hizi ni kuni, bana." Tulicheka mpaka mwalimu wa fizikia akatutazama juu ya miwani. (Baadaye nilisoma kwamba balsa hutoka Amerika ya Kusini, na kwamba neno lenyewe kwa Kihispania ni chelezo. Kwa hiyo hata kabla hatujaijenga, mti wake tayari ulikuwa wa majini.)

Mali kubwa ndani ya sanduku ilikuwa ile karatasi. Ndege nzima imechorwa juu yake kwa ukubwa wake halisi, ubavu kwa ubavu. Unaitandaza mezani, unalaza kila kipande juu ya picha yake, unakibana kwa pini, unatia gundi, unangoja. Ijumaa ya kwanza tulisahau kutandaza kitu katikati, na tulipoinua mbavu za bawa la kulia, zikaja na karatasi. Tangu siku hiyo tukawa twatandaza ile nailoni ya kufunikia madaftari. Hakuna aliyetufundisha hilo. Gundi ndiyo iliyotufundisha.

Sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni wana jioni nzima, sisi tuna saa moja na nusu siku ya Ijumaa, kuanzia saa kumi. Ikifika saa kumi na moja u nusu lazima mtu akimbilie stejini kabla nauli haijapanda, na wengine wetu hutembea mpaka karibu giza. Kwa hiyo kazi ambayo pengine mtu mzima angeimaliza kwa majuma mawili ilituchukua mihula miwili. Bawa moja lina mbavu kumi na moja. Kutoka ncha hadi ncha mabawa ni sentimita 140. Kila ubavu ulipigwa msasa kwa mkono, na ukizidisha kidogo tu, balsa humeguka kama biskuti.

Kufunika mabawa ndiko kulikotutoa jasho. Ile ngozi nyeupe mnayoiona kabatini si rangi, ni plastiki nyembamba inayoshikizwa kwa pasi ya moto. Shangazi yangu ni mshonaji, nami nikamwomba pasi yake ya umeme. "Ukinichomea pasi, utanishonea wewe hizo sare," akaniambia. Pasi haikuungua. Plastiki ndiyo iliyoungua, kwa sababu niliweka moto wa kitani. Tukapunguza, tukajaribu tena pole pole, na ikakaza tii kama ngozi ya ngoma. Ilikuwa raha kuiona ikikaza! Sijui nieleze vipi. Mikunjo yote inakimbia mbele ya pasi, kisha unaipiga kwa kidole na inalia.

Na sasa maboya. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo nilipoipenda fizikia ambayo tangu kidato cha kwanza ilikuwa yanikimbiza.

Ndege ya majini haiwezi kuwa na maboya ya kubahatisha. Wajenzi wa ndege kubwa za namna hii huhakikisha maboya yanaweza kubeba uzito wote wa ndege na ziada ya asilimia 80 juu yake, ili wimbi likija isizame upande. Mwalimu akatuuliza, "Yenu je?" Tukanyamaza. Kwenye mtaala sura ya kuelea na kuzama hungoja kidato cha nne, lakini ndege haikuwa na muda wa kutungoja. Tukajaza karai maji mpaka ukingoni, tukaliweka ndani ya sinia, tukazamisha boya moja kwa vidole, tukapima maji yaliyomwagika. Lita 1.3. Maboya mawili, lita 2.6, yaani yanaweza kubeba kilo 2.6. Ndege yote pamoja na betri ilikuwa gramu 1,400. Pigeni hesabu wenyewe. Tulipoona jibu tulipiga kelele mpaka kiranja akaja kuuliza kuna nini.

Chini ya kila boya, karibu na katikati, kuna kidato. Si kidato cha tatu, jamani! Ni mkato kama wa ngazi. Nilidhani ni pambo, nikataka kuuziba upendeze. Mwalimu akaniambia nichukue kijiko, nikishike kwa kuning'iniza, mgongo wake uguse maji yanayotoka mferejini. Jaribu nyumbani. Utadhani maji yatakisukuma kijiko mbali, kumbe yanakivuta. Tumbo la boya nalo huvutwa na maji vivyo hivyo, ndege ikabaki imeng'ang'aniwa. Ule mkato unakata mshiko huo, hewa inaingia, na ndege inaweza kuachana na maji. Kidogo tu nizibe kitu kinachofanya ndege iruke!

Wako wanaosema haya yote ni mchezo wa watoto wa matajiri, na kwamba sisi wa hapa Naivasha hatuna uhusiano wowote na ndege za majini. Mtu akikwambia hivyo, mwonyeshe ziwa. Kati ya mwaka wa 1937 na 1950 ndege za majini zenye injini nne zilikuwa zikitua katika ziwa hilihili, zikibeba abiria na barua katika safari ya kutoka Southampton, Uingereza, hadi Afrika Kusini. Abiria waliokuwa wakija Nairobi walishukia hapa. Babu zetu waliziona. Sisi tunayo maji yaleyale na hatujui hata habari zake.

Basi ziwani hatukwenda. Ziwani kuna viboko, na hakuna ndege ya balsa yenye thamani ya mguu wa mwanafunzi. Hilo mwalimu alilikataa siku ya kwanza, nami sipingi hata kidogo. Akahangaikia barua na vibali, maana tangu mwaka wa 2020 nchi yetu ina kanuni za vyombo virukavyo bila rubani ndani yake, kisha akatuombea ruhusa kwenye shamba moja la maua lenye bwawa la kunyunyizia. Bwawa halina kiboko, halina mawimbi, na kingo zake ni safi.

Sasa nafika pale nilipoahidi.

Rubani wetu alikuwa msichana wa darasa letu. Hakuchaguliwa kwa upendeleo. Mwalimu alitupima sote saba kwa majuma matano kwenye kompyuta ya shule, kwa programu ya kujifunzia kurusha, na yeye alitushinda sote kwa mbali. Mimi niliangusha ndege ya kompyuta mara thelathini na kitu. Kazi yangu mimi ikawa mizani.

Mizani ni hivi. Kila ndege ina kitovu cha uzito, na kitovu hicho kikiwa nyuma mno, pua itataka kuinuka na mkia kushuka, wala usukani hautaweza kuitii akili ya mwenye rimoti. Mchoro wetu ulisema kitovu kiwe milimita 65 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Unaweka vidole viwili chini ya mabawa mahali hapo, unainua, na ndege inapaswa kukaa sawa. Yetu ilikuwa ikiangukia mkia. Kwa hiyo tukatia puani gramu 60 za risasi za kuvulia samaki, na betri tukaisukuma mbele kabisa, na ikakaa sawa. Mwalimu aliiona ikikaa sawa maabara. Akatia alama kwenye orodha yake.

Asubuhi ya kuirusha, pale ukingoni mwa bwawa, kifuniko cha betri kilikataa kufunga. Zile risasi zilikuwa zimesogea njiani, katika matatu, zikaisukuma betri juu. Wenzangu walikuwa wakipiga picha na kufunga maboya. Nikatoa risasi nikaziweka mfukoni, nikairudisha betri nyuma kama sentimita tano, kifuniko kikafunga vizuri kabisa. Nikajiambia nitazirudisha dakika hiihii. Mara mwalimu akaita, "Tayari?" Watu wote wakajibu tayari. Nami nikajibu tayari.

Ilikimbia juu ya maji, ikapanda juu ya vile vidato, ikaacha mistari miwili myeupe nyuma yake. Mzee mlinzi wa pampu akapiga makofi. Ikaachana na maji. Hapohapo ikainua pua, ikainua, ikainua, ikawa kama inataka kusimama kwa mkia. Ikasita. Bawa la kushoto likalala, ikaja chini kwa ubavu. Pu! Ikawa kimya.

Mwalimu alisema kwa upole, "Umeivuta sana."

Rubani akajibu, "Sikuivuta, mwalimu. Ilijiinua yenyewe. Mimi nilikuwa naisukuma chini."

Hakuna aliyemjibu. Huku juu ya Bonde la Ufa tuko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pale Mombasa, kwa hiyo ndege huhitaji mwendo zaidi ili ibebwe. Mtu mmoja akasema labda hakungoja mwendo utoshe. Ilikuwa sababu nzuri, ya kitaalamu, na sote tukaishika. Mimi niliishika kwa mikono miwili. Zile risasi zilikuwa mfukoni mwangu.

Tulitumia uzi wa kuvulia uliofungwa mpira wa tenisi, tukaurusha ng'ambo ya ndege, tukaivuta taratibu hadi ukingoni. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika, waya mmoja wa boya umepinda, rafadha imekatika, na betri imelowa. Mwili, mkia, mota, na maboya yote mawili yalikuwa mazima. Nataka mkumbuke orodha hiyo.

Jumatatu kwenye paredi tulitangaziwa kwamba ndege itahifadhiwa kabatini ili isiharibike zaidi. Na mitaani, yaani pale chini ya mti wa mjakaranda tunapokula mandazi, yalitangazwa mengine. "Wasichana na ndege, wapi na wapi?" "Mngempa mwanaume." Wengine wenu mnaosoma ukurasa huu mliyasema hayo. Mimi sikuyasema, lakini nilikuwa nimekaa hapo, nikatafuna mandazi yangu, nikanyamaza. Juma lililofuata rubani wetu hakuja maabara, na lililofuata, na mpaka leo hajarudi. Ijumaa saa kumi yeye hupanda matatu.

Nimemwambia kabla ya kuandika haya. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na ulikuwa unangoja nini muhula mzima?" Sikuwa na jibu na bado sina. Nilimwambia na mwalimu wa fizikia. Yeye hakunigombeza, alivua miwani tu akaipangusa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akasema niandike. Basi ninaandika.

Sasa turudi kwa naibu na sababu zake, ambazo nilisema nitazieleza.

Sababu ya kwanza: zawadi ni ya thamani, na ikivunjika kabisa tutamwambia nini aliyeileta? Ni kweli. Lakini aliyeileta hakutuletea ndege, alituletea vijiti na karatasi. Kama angetaka pambo la kabati angenunua lililo tayari. Na karatasi ile bado tunayo. Ubavu wowote uliovunjika umechorwa pale kwa ukubwa wake halisi, ukihitaji mwingine unaunakili, unakata. Mabaki ya balsa yaliyosalia sandukuni yanatosha mbavu tatu na zaidi, nimeyapima. Hiki ni kitu kilichobuniwa kwa watu watakaokivunja na kukirudia. Ni tofauti na kikombe cha voliboli.

Sababu ya pili: masomo. Mtihani wa KCSE hauulizi habari za ndege. Hili nalo nalikubali nusu. Hauulizi ndege, lakini unauliza kani na mizani na kanuni ya Archimedes. Mimi nilikuwa mtu wa alama thelathini na kitu katika fizikia. Sitataja ninazopata sasa nisije nikajipigia zumari, ila mwalimu anazo kwenye kitabu chake, na naibu anaweza kuuliza. Waliobaki sita pia waulizwe.

Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, na ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala: kwamba wanafunzi tulionyesha hatuwezi kukiendesha kifaa cha namna hii. Waheshimiwa walimu, ushahidi huo ni wa uongo, na aliyeutoa ni mimi. Rimoti iliendeshwa vizuri. Aliyekosea ni mtu wa mizani, tena hakukosea kwa kutojua, maana somo hilo nilikuwa nalijua kuliko wote pale bwawani. Nilikosea kwa haraka na kwa kuona haya kusema "bado" mbele ya watu. Hukumu iliyotolewa juu ya ndege na juu ya rubani ilitolewa bila shahidi mkuu. Mahakamani kesi ya namna hiyo husikizwa upya.

Na kabati lenyewe linausaidia uongo huo. Kama siku ile ndege ingerudi maabara badala ya kabatini, tungeifungua kuikausha, na mtu yeyote angeona betri imekaa wapi na risasi hazipo. Rubani angesafishwa jina juma lilelile, hata kama mimi ningenyamaza. Imefungiwa pamoja na kosa langu, na kadi ya USIGUSE inalilinda. Nikipita hapo asubuhi nahisi kama ni mimi niliyeiandika.

Kuna Mfaransa aliyeitwa Henri Fabre. Tarehe 28 Machi 1910, karibu na mji wa Martigues, aliirusha ndege ya kwanza yenye injini iliyopaa kutoka majini. Alikuwa mhandisi, na hajawahi kurusha ndege yoyote kabla ya siku hiyo. Hebu fikirini! Mwaka uliofuata ndege yake, ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, iliharibika vibaya huko Monaco. Leo iko katika jumba la makumbusho karibu na Paris, ndani ya nyumba, haigusi maji. Sawa. Lakini yeye Fabre aliishi mpaka 1984, akiwa na zaidi ya miaka 100, akaona ndege za majini zikizunguka dunia. Ile ya kwanza ingewekwa kwenye jumba la makumbusho siku ilipotua mara ya kwanza kabisa, sijui nani angejenga ya pili. Yetu haijatua hata mara moja kwa heshima yake, na tayari imestaafu.

Nimesikia pia pendekezo la wenzetu kwamba hii iachwe tu, klabu inunue ile ya sponji inayokuja imekwisha kuunganishwa, unatia betri unarusha. Sina chuki nayo. Kwa kujifunzia kurusha pengine ndiyo bora, maana ikianguka inaruka kama mpira. Lakini ile ikiinua pua na kuanguka, utajua nini? Utasema imeharibika, utatafuta nyingine. Mimi nilijua kwa nini yetu ilianguka hata kabla haijagusa maji, kwa sababu niliijua ndani yake, ubavu kwa ubavu. Ni maarifa machungu, lakini ni maarifa.

Kinachotakikana ni kidogo. Balsa ipo. Plastiki nyeupe imebaki kipande cha kutosha bawa moja. Waya tutaunyoosha kwenye jiliwa la karakana. Rafadha ya akiba ilikuja sandukuni. Kitu pekee tusichoweza kujitengenezea ni betri, kwa sababu ile ya lithiamu ikishalowa haifai kuchajiwa tena, ni hatari. Tumekubaliana sisi sita kuchanga, na mimi nitachanga mara mbili, hilo halihitaji kujadiliwa.

Rubani nilimuuliza kama atarudi. Alisema atarudi kwa masharti mawili. La kwanza, rimoti iwe mkononi mwake. La pili, siku hiyo nisimame mbele ya wote pale ukingoni, niinue ndege kwa vidole viwili mpaka kila mtu aone imekaa sawa, yeye akiwa wa mwisho kukagua. Nimekubali yote mawili.

Mbavu tatu nimeshazinakili kwenye kadibodi kutoka kwenye ile karatasi kubwa, ya sita, ya saba na ya nane, upande wa kushoto. Ziko ndani ya daftari langu la fizikia. Risasi pia ninazo, gramu 60, katika kikopo cha filamu ambacho shangazi alikuwa akiwekea vifungo. Ijumaa hii saa kumi nitakuwa maabara, na meza nitakuwa nimeitandaza nailoni. Ufunguo wa kabati uko kwa naibu.